Askari Waliolala Kwenye Masanduku ya Kakao

Mbugani, Kyela
14 Juni 2024

Mpwa wangu Naila,

Assalamu alaykum. Salamu hizi zimepanda basi la alfajiri mkononi mwa kondakta ninayemwamini, na zikikufikia na harufu ya mchele mpya usishangae, nimezilaza juu ya kiroba chako cha kilo kumi. Huku wote wazima. Mama Salehe yu mzima, sauti yake nzima zaidi. Mimi goti la kushoto tu ndilo linalotabiri mvua, na halijakosea tangu mwaka tisini na nane. Watu wa hali ya hewa wangenijua wangeniajiri.

Najua una simu kubwa ya kugusa. Mimi ya tochi inanitosha, ila jambo la leo haliingii kwenye ujumbe mfupi. Kaa chini kwanza.

Jumapili iliyopita Salehe, mwanangu wa kumzaa, mtu mzima wa miaka ishirini na sita mwenye bajaji yake, alisimama mlangoni mwa chumba changu cha askari. Chumba unakijua, ulikiona ulipokuja kwenye arobaini ya bibi. Wewe ulipokiona kilikuwa mtoto. Sasa hivi ukifungua mlango unafungua kwa ubavu. Nina askari wa kuchezea wa mataifa ambayo hata kwenye ramani yamefutwa. Nina maboksi ya kuunga kwa gundi: vifaru, ndege za mabawa mawili, manowari yenye vipande mia tatu. Kuanzia hapa mpaka Mbeya mjini hakuna mwenye jeshi kama langu, na ng'ambo ya mto Songwe, kule Karonga ya Malawi, jina langu linatajwa kwa heshima.

Salehe akatazama, akasema: "Mzee, siku ukitutoka, hawa wa chuma nawapima kwa kilo kwa watu wa chakavu. Hawa wa plastiki nawagawia watoto wa mtaa wapigie kombeo."

Alikuwa anacheka. Mimi sikucheka, na toka siku hiyo chakula nakiona mchanga.

Basi nimeamua, na nikiamua unanijua. Wewe ndiye mrithi wa jeshi langu. Kazi yako huko makumbusho ni kutunza vitu vya watu waliokufa, hutashindwa na vya mtu aliye hai. Nijibu kwa neno moja tu: ndiyo.

Mjomba wako,
Zubery

---

Dar es Salaam
2 Julai 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mchele umefika, barua imefika, na jirani zangu wote wamejua nimepata mchele wa Kyela kabla sijafungua kiroba. Ndaga fijo, asante sana. Mimi mzima, ila stoo ya kazini ina vumbi la karne mbili na mafua hayaniachi. Mama yangu anakusalimu, anasema goti lako lilitabiri jua siku ya harusi yake, na anakumbuka alivyolowa.

Neno moja unalotaka siwezi kukupa bado. Naishi vyumba viwili. Siwezi kurithi vitu ambavyo mwenyewe hajui ni vingapi. Kila mwezi makumbusho tunaletewa urithi wa namna hiyo: marehemu alipenda, hakuandika, watoto wanasukuma maboksi getini na kukimbia. Sisi nasi tunayapanga ukutani na kuyasahau.

Nunua kaunta buku kubwa. Chora safu nne. Ya kwanza namba, ya pili ni nani au ni nini, ya tatu hali yake, ya nne alikotoka. Kila askari mstari wake. Na mpaka daftari liishe, usinunue hata mmoja. Najua mabelo ya midoli ya mitumba yanafunguliwa Tunduma kila wiki. Usiende.

Niambie pia umewahifadhi kwenye nini.

Mpwa wako,
Naila

---

Mbugani, Kyela
20 Julai 2024

Mpwa wangu,

Assalamu alaykum tena, na pole na mafua. Chemsha tangawizi na majani ya mchaichai, funika kichwa kwa shuka, vuta mvuke. Mimi nilimponya hivyo ofisa kilimo mzima, akaondoka Kyela anaimba.

Daftari nimenunua. Nimechora safu kwa rula. Lakini Naila, jemadari hahesabu askari mmoja mmoja kama mayai! Nakupa jumla: ni elfu tano na ushee. Andika hivyo, mrithi awe na moyo wa kuamini.

Umeuliza wamelala wapi. Hapo ndipo utajua mjomba wako hakusoma sana ila anafikiri. Unakumbuka nilikuwa nazunguka nyumba kwa nyumba Ikolo na kwingineko nikinunua kakao mbichi na kuvundika mwenyewe? Tangu kakao ianze kwenda mnadani kupitia vyama vya ushirika, mimi nikarudi dukani kuuza viatu na vyombo, na masanduku yangu ya kuvundikia yakabaki. Mbao nene kama matofali, vifuniko vinafunga mpaka hewa inaomba ruhusa. Humo ndimo walimo. Na mbao zimekunywa maji ya kakao miaka kumi, ukifungua tu unapigwa na harufu ya siki mpaka machozi. Mchwa hawasogei. Kombamwiko wanapita kwa mbali wakisalimia.

Waliolala mahali bora kuliko wote ni wale arobaini na wawili wa kwanza, wa madini ya risasi, wazito, waliopakwa rangi kwa mkono. Hao ndio walioanzisha jeshi. Nilipewa na Mzee Theophil, yule mhandisi wa maji aliyekuwa jirani yetu, siku nilipomtoa kinywani mwa mamba mto Kiwira. Nilimvuta mamba taya kwa mkono wa kushoto. Wa kulia nilikuwa nimeshika mwamvuli, mvua ilikuwa inanyesha. Theophil akalia, akasema, "Zubery, sina cha kukulipa ila hawa." Nimewaweka peke yao kwenye sanduku lenye harufu kali kupita yote, wasiguswe na chochote.

Sasa leta hilo ndiyo.

Mjomba wako,
Zubery

---

Dar es Salaam
1 Agosti 2024

Mjomba,

Shikamoo, na nisamehe, salamu zitakuwa fupi; nimekupigia simu hupatikani.

Watoe wale wa risasi kwenye sanduku leo hii. Usimalize chai, watoe.

Ile harufu ya siki unayoisifu ndiyo inayowala. Mbao iliyolowa maji ya kakao inatoa hewa ya siki kila siku, na madini ya risasi yakivuta hewa hiyo ndani ya sanduku lililofungwa yanageuka unga mweupe. Hayarudi tena. Nimeona kwa macho yangu kwenye kabati moja la mbao huku kazini, vitu vimebaki umbo la vumbi.

Ukikuta unga mweupe, usiupulize, ni sumu. Funga kitambaa puani, vaa glavu, nawa mikono kwa sabuni, usitumie chombo cha chakula, watoto wasikaribie. Unga wenyewe ufute kwa kitambaa kibichi, ufunge kwenye kopo, uandike juu SUMU. Wazima waweke kwenye makopo ya kioo au ya plastiki yenye mfuniko, na ndani tia vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Dukani kwako umevitupa vingapi?

Wa plastiki nao watoke kwenye mbao hizo, ila hao wanaweza kungoja kesho. Wa risasi hawawezi.

Niandikie mara ukifungua.

Mpwa wako,
Naila

---

Mbugani, Kyela
9 Novemba 2024

Naila mwanangu,

Assalamu alaykum. Natumai mafua yamekuachia. Huku joto limekaza, miembe imezaa mpaka matawi yanalalamika, Mama Salehe mzima.

Miezi mitatu sikukuandikia. Niseme kweli: niliandika barua tatu nikazichana. Ya kwanza nilisema ni mchwa. Ya pili nilisema walikuja wezi. Ya tatu nilianza na mamba mwingine, nikajiona mwenyewe nacheka, nikaacha.

Nilifungua sanduku siku ileile barua ilipofika. Juu walionekana wazima, rangi zao zilezile, kofia nyekundu, vifungo vya njano. Nikamshika mpanda farasi. Farasi alibaki mkononi, mpandaji akamwagika. Naila, alimwagika kama unga wa muhogo. Nikakaa chini pale mlangoni. Mama Salehe akaja mbio akidhani nimeanguka.

"Umeumia wapi?"

"Wamekufa."

"Nani tena? Toba!"

"Wa risasi."

Akanitazama. Nilitegemea aseme afadhali, maana chumba hicho amekililia kwa ajili ya cherehani yake miaka saba. Badala yake alikwenda kuleta glavu za dukani na kipande cha bati, akasema, "Nawa kwanza. Halafu tuwatoe waliobaki, na wewe usinipulizie hilo vumbi."

Kati ya arobaini na wawili, kumi na tisa wamekwisha. Wengine hawana miguu. Wengine wana miguu tu.

Baada ya hapo nilisema basi, kama ni kuhesabu nitahesabu. Kila siku baada ya alasiri nafunga duka mapema. Wa plastiki nawapanga sakafuni kwenye mkeka, safu ya hamsini hamsini. Hesabu ya kwanza, pamoja na wale arobaini na wawili wa risasi, nilipata elfu moja mia nne na mbili. Ya pili pungufu ya hiyo. Ya tatu 1,386, ya nne 1,386. Nikaandika. Elfu tano sikuwahi kuwa nayo. Hata mimi nilishangaa, maana nilikuwa naamini.

Maboksi ya kuunga ni sabini na manne. Niliyoyaunga tangu nizaliwe ni kumi na moja. Manowari niliyokusimulia bado imo ndani ya nailoni yake, sijawahi kuifungua. Nilinunua boksi la pili la manowari ileile kwa kusahau kuwa ninayo. Nikanunua la tatu.

Magurudumu ya mpira ya vifaru yaliyeyuka na kung'ang'ania mabawa ya ndege. Niliyatenganisha kwa wembe, kila kitu sasa kina mfuko wake. Maboksi yote nimeyainua juu ya matofali mistari minne, maana masika maji ya Kyela hayabishi hodi. Dirisha nimelitia pazia zito, jua lilikuwa linafuta nyuso. Masanduku ya kakao nimeyarudishia kazi yake, nimempa Zebedayo wa Ikolo avundikie.

Tunduma sijakwenda. Mara moja nilifika stendi, nikarudi.

Daftari nakutumia nakala niliyoandika upya kwa mkono wangu, sikuandika usiku nisije nikakosea, ni mchana wa Mungu. Liangalie.

Mjomba wako,
Zubery

---

Dar es Salaam
30 Novemba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo tena na tena. Mafua yamekwisha. Nimesoma daftari lote, ukurasa hadi ukurasa, nikiwa kazini, na mkuu wangu wa kitengo aliliona akaliomba awaonyeshe vijana wetu wa mafunzo. Nimemwambia si letu. Pole sana kwa wale kumi na tisa. Hukujua, na mimi ningeuliza mapema zaidi ningekuokolea wachache.

Safu ya nne umejaza vizuri: belo la Tunduma, soko la Mbeya, zawadi ya Naila. Ila namba moja mpaka arobaini na mbili umeacha wazi. Ungeandika mamba ningecheka. Hukuandika mamba. Umeacha wazi, na mstari mmoja una alama ya kifutio.

Mjomba, urithi hauanzii kwenye mstari mtupu. Jaza.

Mpwa wako,
Naila

---

Mbugani, Kyela
17 Januari 2025

Mwanangu Naila,

Assalamu alaykum. Mimi mzima, Mama Salehe mzima. Sina kisa cha goti leo.

Mzee Theophil hakuumwa na mamba. Mwaka 2009 alihamishwa Kyela kwenda Bukoba. Lori lilijaa, mke wake amekaa mbele na kuku mapajani. Akaja kwangu na sanduku la viatu limefungwa kamba. Akasema, "Zubery, ni vya mwanangu Erick. Nilimletea nikitoka masomoni. Njia mbovu, vitavunjika. Nitunzie, nitamtuma mtu." Nikasema lete.

Hakumtuma mtu mwaka huo. Wa pili nikafungua kamba nitazame tu kama panya hawajaingia. Nikawaona. Nikawapanga dirishani, nikaona ni wachache mno kwa dirisha lile, nikanunua kumi wa plastiki kwenye belo wawe wenzao. Hivyo ndivyo jeshi lilivyoanza, Naila. Lilianza kwa amana ya mtu. Kila nilipoongeza, wale wa kwanza walizidi kuonekana wangu. Siku moja mgeni aliuliza nimewapata wapi, mdomo ukamtaja mamba. Mgeni alifurahi sana. Nami nikakaa na mamba huyo zaidi ya miaka kumi.

Nilikwenda ofisi ya maji. Mzee mmoja pale alikuwa na namba ya Bukoba. Theophil alifariki, Mungu amrehemu, lakini mjane alinipa namba ya Erick. Nilimpigia.

"Erick? Ni Zubery, wa Kyela. Jirani yenu wa Mbugani."

"Yule wa kakao?"

"Huyohuyo, mwanangu. Habari za…"

"Unao askari wangu?"

Hakuuliza mvua, hakuuliza hali. Alihama hapa na miaka minane, sasa ni mwalimu.

Nikamwambia yote. Siki, sanduku, unga. Nilimwambia na mamba pia, sijui kwa nini. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Mpiga tarumbeta yupo?"

Nikaenda kutazama simu ikiwa sikioni. "Amebaki kuanzia kiunoni kwenda juu."

"Tarumbeta anayo?"

"Anayo."

"Nitumie wote," akasema. "Na waliokufa nitumie."

Naila, nilitamani aniambie baki nao. Nilimpa nafasi ya kusema, nikakaa kimya makusudi, salio linakwenda. Hakusema.

Ishirini na watatu walio hai nimewafunga kila mmoja kwenye karatasi nyeupe na pamba, wameondoka na mimi mwenyewe mpaka Mbeya nikawakabidhi kwa mkono kwa kondakta wa basi liendalo kwa Erick. Kumi na tisa wamekwenda nao kwenye kopo la kioo, mfuniko umezibwa kwa gundi, nimeandika SUMU, na chini yake majina yao kama Erick alivyonitajia. Alikuwa amewapa majina wote. Mimi miaka yote ile sikumpa hata mmoja.

Safu ya nne nimejaza: amana ya Erick Theophil, imerudishwa pungufu. Nimebaki na 1,344. Sasa nimekwambia, na kama hutaki tena kurithi nitaelewa.

Mjomba wako,
Zubery

---

Dar es Salaam
3 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Hii barua nimeichelewesha kwa sababu niliisoma yako kwa Mama, naye akaichukua aisome tena mwenyewe, akanirudishia baada ya wiki kadhaa akisema, "Mwambie kaka yangu namsalimia sana." Hajawahi kukuita hivyo bila utani.

Jibu langu ni ndiyo. Nimesaini ukurasa wa mwisho wa nakala yangu, wewe saini wa kwako.

Ila nina masharti ya mtu wa stoo. La kwanza: chumba kimeshajaa, basi akiingia mmoja, atoke mmoja. Maboksi ya kuunga usiongeze mpaka uunge yaliyopo, na hizo manowari mbili za ziada zitafutie wenyewe. La pili: kila mwaka Septemba, kiangazi, unahesabu upya, na mimi nitakuja kuhesabu nawe.

La tatu ndilo gumu. Mimi niko mbali. Maji yakiingia Aprili, siwezi kuwa Kyela kesho yake. Daftari linahitaji jina la pili, la mtu anayelala hapo Mbugani. Usiniambie hakuna.

Mpwa wako,
Naila

---

Mbugani, Kyela
6 Juni 2025

Mpwa wangu, mrithi wangu,

Assalamu alaykum. Masika imepita. Maji yalipanda baraza, yakaingia chumbani, yakafika tofali la pili, yakasimama hapo kama yamesoma daftari. Hakuna aliyelowa. Manowari moja nimempelekea mwalimu wa ufundi, ya pili wanaiunga wanafunzi wake, ya kwangu nimefikia vipande sitini, gundi imenikamata vidole viwili na kidevu.

Jina la pili sikuwa nalo. Nilitaka kukuandikia hakuna.

Leo asubuhi nimerudi kutoka Mbeya na askari mmoja. Mmoja tu, Naila, hata Mama Salehe alipekua begi. Huyu hana bunduki. Ni mpagazi, kabeba mzigo kichwani, shingo imekaza. Katika 1,344 sina hata mmoja anayebeba mzigo. Lakini akiingia huyu lazima atoke mmoja, na mimi nilikaa pale mkekani toka saa tatu nikishika huyu, namwacha, nashika yule, namwacha. Kila mmoja namkumbuka nilivyompata, na sasa ni visa vya kweli, ndivyo vizito zaidi.

Salehe aliingia kula mchana akanikuta.

"Mzee, bado tu?"

"Siwezi."

"Wewe huwezi kutupa hata kucha uliyoikata. Toka hapo. Nipe mimi dakika mbili, nakutolea mmoja, tukale."

Nikatoka. Nikamwachia na daftari, nikamwambia ukimtoa umkate kwa mstari na uandike kwa nini.

Akaingia saa saba na nusu. Saa nane abiria wake alikuja kumwulizia, bajaji imesimama uani, Salehe akanijibu kutoka ndani, mwambie aende na nyingine. Saa tisa nilichungulia. Amekaa chini, viatu amevua, daftari liko magotini, anasoma safu ya nne kwa kidole, mmoja mmoja, kisha anainuka kumtafuta huyo aliyemsoma. Akaniuliza bila kugeuka, "Mzee, hivi huyu wa mguu mmoja kweli ulimwokota stendi siku niliyomaliza darasa la saba?"

Nikasema kweli.

Akamrudisha mahali pake.

Mama Salehe amepasha wali mara mbili. Ameita, ameita tena, sasa anauliza nyumba hii ina vichaa wangapi, ahesabu na yeye. Mimi niko barazani naandika hii kwenye goti. Alasiri imekwisha adhiniwa. Mpagazi yumo mfukoni mwangu, anasubiri nafasi.

Salehe bado yumo ndani.

Mjomba wako,
Zubery